Bakuli Lisilokuwa la Mjomba

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka tu natamani kusimama tena. Usicheke kuitwa mwanangu. Wewe uko darasa la nne, mimi la nane, na mwenye ndevu tatu si sawa na asiye nazo.

Watu wa sinema walifika kwetu Moa mchana wa Ramadhani, wakapiga picha za mafunzo ya ulaji bora. Miezi ikapita, wakaileta filamu yenyewe. Tukaziba madirisha ya darasa kwa mikeka, kijiji kikajaa ndani. Mjomba Bakari, fundi seremala, alikaa mbele karibu na Mzee Kombo, baba wa binti aliyekuwa amemposa.

Likatokea bakuli la wali, mvuke unapanda. Mara uso wa mjomba, mkubwa kama mlango, umekodoa macho. Bakuli tena, mkono unamega tonge. Kisha mjomba, anameza, anajifuta midomo.

Watu waliokuwa wakicheka kumwona ukutani wakakatisha kicheko. Kila mtu alikumbuka picha zilipigwa mwezi wa mfungo. Mzee Kombo akainuka.

"Posa imekwisha. Binti yangu simwozi mla mchana."

Nikasimama mimi.

"Shikamoo mzee, usiondoke! Bwana sinema, irudishe!"

"Kaa chini, mpumbavu we!" akafoka mwalimu mkuu.

"Sikai."

Akanishika sikio, nami nikapayuka vilevile: "Tazameni vivuli! Vivuli!"

Mzee Kombo, mguu mmoja nje, akageuka. "Irudishe, nione."

Ikarudishwa. Kivuli cha pua ya mjomba kilimwangukia mdomoni: jua la utosini hilo. Bakuli lilitupa kivuli kirefu mkekani, na kando yake tende: futari hiyo, jua linakuchwa. Wala hakuna mahali mjomba na bakuli walipoonekana pamoja. Vipande viwili, vimekatwa, vikagundishwa.

"Sasa ulikuwa ukikodolea nini, Bakari?"

"Lile dude lao la kupigia picha, mzee wangu. Nilidhani bunduki. Nilimeza woga, nikajifuta jasho la mdomoni."

Darasa zima likaangua kicheko. Mzee Kombo akaketi, na posa ikaketi naye. Mimi nikala viboko kwa utovu wa adabu. Sikuomba radhi siku ile, na leo siombi.

Mwanangu, ukiona vyaelea, vimeundwa. Uso ule ulikuwa wa kweli, na bakuli lile la kweli. Uongo ulikaa kwenye kiungo, pale picha moja ilipopokewa na nyingine. Wakikuonyesha mtu kisha tonge, moyo wako ndio unaomlisha. Basi uliza nani kaviunga, na anataka uamini nini. Uliza jua lilikuwa wapi. Uliza kipi kimekatwa kikatupwa. Na ukiambiwa kaa chini, uliza ukiwa umesimama.

Mungu akupe jicho kali na shingo ngumu, na akuepushe na kumhukumu mja wake kwa kipande. Amin.