Vipepeo wa Maji Machafu

Tangu mama apate kiharusi, mimi nimekuwa kuku wa kamba, na kamba yenyewe haifiki hata stesheni. Treni ya Tabora ikipiga honi naisikia nikiwa jikoni, nami naijibu kwa msonyo. Tabora nilikuwa na saluni yangu, na wateja wasiokubali kusukwa na mtu mwingine. Kaka zangu wana wake, wana kazi, wana sababu. Mimi sina mume, basi nikarudishwa Mpanda. "Wewe ndiye mwenye nafasi," walisema. Nafasi! Kama vile maisha yangu yalikuwa chumba kitupu kinachongoja mpangaji.

Mama hasemi tena. Upande wa kulia umelala, mdomo umekataa, umebaki mkono wa kushoto na fimbo. Kutwa namketisha kwenye kiti kando ya dirisha; akitaka maji anagonga sakafu. Akitaka kugeuzwa anagonga. Nikichelewa anagonga mpaka kuku wanakimbia uani. Kuna siku niliota nimeichanja ile fimbo nikaivishia maharage, na nikaamka nina furaha.

Vipepeo walianza na uvivu wangu. Maji ya kumwogeshea mama nilikuwa nayabeba mpaka nyuma ya choo, mgongo ukiuma. Asubuhi moja nikasema potelea mbali, nikayamwaga hapo hapo chini ya dirisha lake, karibu na mlimao. Jua lilipopanda nikatoka kuanika shuka, jamani! Vipepeo wadogo, weupe na wa njano, wamejazana kwenye tope wanafyonza. Kilichowaita ni jasho la mama na, tuseme ukweli, mkojo wake. Nikasimama pale na shuka mkononi. Tangu nije, ilikuwa mara ya kwanza kusimama mahali bila kuitwa na mtu.

Basi nikanogewa. Nikachimbua yale maua ya rangi rangi yanayoota ovyo kando ya reli, nikayapanda chini ya dirisha. Papai lililooza nikaliweka juu ya mfuniko wa sufuria. Majani nikayaacha yaote.

Sasa huku kwetu mwanamke anajulikana kwa uwanja wake. Uwanja unafagiliwa alfajiri mpaka udongo unabaki mtupu, na mistari ya fagio inaonekana. Jani moja likiota ni nyumba ya nyoka, na ni aibu. Mama alisifika kwa uwanja wake kanisa zima. Akina mama wa jumuiya walipokuja kusali, waliyapita maua yangu wakiwa wameshika kanga zao juu, wakanyamaza. Afadhali wangenisema.

Mama yeye hakunyamaza. Kila asubuhi vipepeo wakishuka, fimbo inaanza: ko, ko, ko! "Najua unataka nifyeke," nilimwambia. "Sifyeki! Nyoka akija atuume wote, tupumzike." Na yeye anagonga zaidi.

Kisha akaja kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano, akataga kwenye mlimao. Wakatoka viwavi, mwanzoni utadhani kinyesi cha ndege, baadaye wakawa wa kijani, wanene. Wakautafuna mlimao wa mama. Nikawaacha. Wakati huo kaka mkubwa alikuwa ameahidi kutafuta dada wa kazi, na akipatikana tu mimi naondoka. Begi langu lilikuwa tayari, limekaa chini ya kitanda cha mama, mahali anapoliona.

Jirani yetu ni mzee wa Kisukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake. Ni mtu mwema, nasema hivyo nikiwa nimeuma meno. Msimu uliopita viwavijeshi walimaliza mahindi yake yote. Siku niliyokwenda duka la dawa kuchukua vidonge vya presha vya mama, yeye akapita kumsalimia dirishani, akaona viwavi. Akakimbilia pampu.

Nilishuka kwenye bodaboda nikakutana na harufu ya sumu. Mzee amesimama kwenye maua yangu, pampu mgongoni, ameshika paji la uso.

"Dada, hao wadudu wangehamia mashambani! Nimekupulizia bure kabisa. Lakini huyu mama yetu kanirushia fimbo! Kweli shukrani ya punda mateke."

Viwavi walikuwa wamejikunja chini. Wale weupe wamenata kwenye tope, mbawa wazi. Nikamfokea yule mzee mpaka akaanza kurudi kinyumenyume, pampu inadondosha.

"Samahani, dada. Kwani ulikuwa unawafuga?"

"Ndiyo, nawafuga!"

Fimbo niliikuta kwenye shina la mlimao. Nikaiokota, nikaitazama. Mama ana mkono mmoja, dirisha lina nondo, na hicho ndicho kitu pekee alichobakiwa nacho cha kuniitia. Akakirusha. Nilipoingia, mkono wake ulikuwa bado umetokeza nje ya nondo, na machozi yanamtiririka mpaka shingoni.

"Mama," nikasema, "kumbe ulikuwa unaniita nije kuwaona?"

Akafumba macho, akafumbua. Ndiyo yake hiyo.

Asubuhi zote zile! Nikaketi sakafuni nikalia kwa hasira. Nilimkasirikia mzee, nikawakasirikia kaka zangu, na zaidi nikamkasirikia mama, ambaye kutoka kile kiti alikuwa anaona kila kitu, na begi pia.

Nikaukwangua udongo wenye sumu nikautupa mbali. Mlimao nikaukata matawi, ukabaki vijiti. Maji ya kuogea nikaendelea kuyamwaga pale pale, ingawa hakuna aliyekuja kunywa.

Ndipo kaka akapiga simu. Msichana amepatikana, anatoka Mishamo, mchapakazi, yuko tayari hata kesho. Simu hiyo niliingoja kuliko mvua. Nilikuwa nimesimama uwanjani, natazama vile vijiti.

"Subiri kwanza," nikasikia mdomo wangu unasema. "Mlimao haujachipua."

"Nini?"

Nikakata. Nikajisonya mwenyewe, msonyo mrefu. Kamba sasa nimeifunga kwa mkono wangu.

Ndani, mama akagonga.

"Nakuja!" nikafoka, nikaenda kubeba beseni.