Chef wetu amekufa kwa page

Leo nimemuua chef wetu, mukubwa wa biro, na yeye mwenyewe amefurahi!

Mimi njo nachunga page ya biro yetu kwa internet, hapa Walikale. Kila mwezi wakubwa wa juu wanauliza: mulipata komenti ngapi?

Asubuhi niliweka foto ya chef kutangaza salongo, ile kazi ya watu wote ya kutengeneza barabara. Nikaigeuza nyeusi na nyeupe, eti aonekane mutu wa maana.

Nani alisoma tangazo? Watu waliona tu foto kama ya matanga. Komenti zote: «Pumzika kwa amani, Papa.»

Shangazi yake akaingia biro analia, kuku ya matanga mukononi. Akakuta marehemu anakunywa chai.

Nikauliza: «Chef, nifute?»

Akaangalia telefone. «Hatujapata komenti mingi hivi hata siku moja! Usifute. Raporo inaenda kwa wakubwa kesho. Acha nikufe kwanza.»

Pole zenu muandike kule kwa page, si hapa. Kule njo wanahesabu.