Macho Mekundu Kwenye Bango la Filamu

Ndugu msomaji, nakusimulia haya uso ukiwa bado unaniwaka.

Mimi ni mchora mabango hapa Geita. Juzi dada mmoja anayeitwa Kabula alizindua filamu yake ya maajabu, yenye mazimwi na milima inayoelea angani, akaniomba niwaeleze wageni usanifu wa bango lake, lililochorwa na msanii mwingine. Filamu yenyewe sikuwa nimeiona. Niliogopa kukiri, maana nilitamani anipe kazi ya bango lijalo.

Nikashika kipaza sauti. Nikaanza na rangi ya dhahabu, nikasifu herufi zilizochorwa kama zimechongwa kwenye mwamba. Watu wakaitikia kwa vichwa, nikapata moyo. Nikamnyooshea kidole bibi aliyechorwa akijaza nusu ya bango.

"Hapa msanii hakutaka tubahatishe," nikasema. "Kwa macho mekundu namna hii, unajua mara moja kwamba huyu ndiye mchawi."

Vichwa vikaacha kuitikia. Nikadhani sijasikika, nikarudia kwa sauti zaidi.

Kabula akainamisha kichwa. Kwenye mstari wa mbele akainuka mama mmoja mzee, sura ile ile ya bangoni.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye malkia wa filamu hii, na Kabula ni binti yangu. Macho yangu yaliiva kwa moshi wa kukaushia samaki kule Nkome. Kwa sababu ya macho haya niliitwa mchawi, tukafukuzwa kijijini, ndiyo maana binti yangu akatengeneza filamu."