Mtungi wa Kibanda cha Juu

Yaarub bin Nasr bin Khalfan ni ndugu yangu, baba mmoja mama mmoja. Babu yetu alijenga kwa mikono yake vibanda vitatu vya mawe juu ya Jabal Akhdhar, wachungaji wapate kulala. Baba akaviacha, akenda Unguja kuuza vyuma. Yaarub ndiye aliyeturudisha Maskati, akafungua gereji Wadi Kabir, akachonga njia ya gari mpaka mlangoni kwa babu. Nnayatanguliza haya kwa kuwa yanayofuata hayana sifa.

Kibanda cha juu kina mtungi. Anayeondoka huujaza, ili atakayekwama akute maji. Miaka sita nyuma Yaarub alipandisha wageni kwa gari yake ya fowili, inayovuta kwa magurudumu yote manne, wakaumaliza mtungi kwa kunawa miguu. Madumu garini yalikuwa matupu. Akasema, ntaujaza Alhamisi.

Jumanne, gari ya mwanawe Aflah ilivunjika ekseli huko juu, jua la Julai. Kijana alitembea na mguu ulioumia mpaka kibandani.

Alhamisi Yaarub alifika na maji. Mtungi ulikuwa umelazwa ubavu, na Aflah kando yake, keshakufa, mkono wake umo ndani.

Tangu hapo hakukosa Alhamisi hata moja. Mwaka huu macho yakamwingia ukungu, akatuficha. Mwezi uliopita tulipanda naye, mimi na bintiye Shatha, anayefanya kazi ofisini Qurum.

"Baba, jiwe hilo."

"Nnaliona."

"Unaliona lipi?"

"Hilo ulilolisema."

Nikacheka. Kisha nikatazama chini: gurudumu la upande wangu lilikuwa hewani, na bonde halina mwisho. Yaarub akavuta handibreki. Tukatokea mlango wake, mmoja mmoja. Shatha akaingia, akatia gia nzito, akairudisha gari nyuma taratibu mpaka njiani.

"Nani kakufundisha?" akauliza baba yake.

"Kaka Aflah."

Tukapanda mpaka kibandani. Yaarub akamimina dumu zima, akipapasa mdomo wa mtungi kwa kidole. Akamtia Shatha ufunguo wa gari mkononi.

"Kila Alhamisi, mwanangu."

"Labeka, baba."

"Mgeni akitaka kunawa miguu, ashuke na vumbi lake. Na usiondoke hapa mpaka maji yaguse kidole chako. Usije ukasema utarudi."