Mtu wa Sinema Aliyeua Akina Mama

Upumbavu wangu mkubwa ulinukia samli. Nilimpaka mama yangu shingo hadi miguu, samli iliyowekwa kwa ajili ya pilau ya Idi, nikiamini namwokoa asiuawe na mtu wa sinema. Wengine hukumbuka utoto kwa harufu ya maua. Mimi kwa mafuta, na kofi lililofuata.

Tulikaa Kisii mjini, nyuma ya duka la vitambaa la Mzee Jivan, Mhindi aliyempa baba kazi ya kushona. Mpwa wake alikuwa Bombay, akitunga na kuongoza sinema. Alianza, mzee alivyopenda kutusimulia, kwa kubeba taa za wenzake; akaja akawaandikia waigizaji maneno; mwishowe akawa ndiye anayeamuru nani acheke na nani afe. Kila sinema yake ilipofika, Mzee Jivan alitundika shuka jeupe ghalani, tukakaa juu ya magunia ya mahindi, naye akatutangazia mambo kabla hayajatokea: "Sasa mama nakufa!" Na mama akafa kweli. Mmoja kwa homa, mmoja kwa mafuriko, na wa tatu, aliyeninyima usingizi, akijifungua. Habari ya kuigiza sikuijua. Nilijua tu kwamba yule wa mafuriko sikumwona tena.

Msimu wa mvua ndefu, mama akiwa na mimba iliyokaribia siku zake, mpwa akaja kumtembelea mjomba. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye kikohozi. Alizunguka mtaani ameunganisha vidole kama kidirisha, akichungulia watu. Siku moja kidirisha kikatua juu ya mama akianika nguo. Akasema jambo, Mzee Jivan akamtafsiria baba: "Nasema mama mzuri sana. Kesho naleta kamera, natia yeye katika hadithi." Baba akacheka kwa heshima.  Lakini mimi hadithi za huyo mpwa nilijua zinavyoishia.

Nyanya yangu wa Manga, aliyemzaa mama, alinifundisha kwamba yapo macho yanayodhuru. Wagusii huyaita ebibiriria, na aliyetazamwa nayo hupakwa siagi, akasuguliwa mpaka vijichembe vilivyomwingia vitoke. Tahadhari kabla ya hatari. Siagi hatukuwa nayo, ila samli ya Idi ilikuwepo. Kesho yake mchana, mama akiwa amelala fofofo mkekani, nikaanza kazi.

Kamera ilimkuta anang'aa kama sambusa na mimi nimelia kwa kofi lake mpaka nimekauka. Ilipoinuliwa nikaikumbatia miguu ya yule mpwa. "Msimuue! Ana mtoto tumboni!" Mtaa mzima ukatoka nje. Mzee Jivan alicheka mpaka akakaa chini, lakini mpwa wake hakucheka. Aliifunga kamera, akanipapasa kichwa, akaondoka. Baadaye mama alijifungua salama, nikajihesabu shujaa.

Mama alizeeka, akafa taratibu kitandani mwake, bila amri ya mtu. Sinema za yule bwana nilikuja kuziona tena Kisumu nikiwa mtu mzima, nikagundua kwamba mama wa mafuriko ndiye yule yule wa homa, kabadilisha sari tu. Siku hizi wajukuu wangu hupiga picha hata ugali kabla ya kuula. Juzi waliniuliza mama yangu alifananaje, maana picha yake hatuna hata moja. Nikawaambia alikuwa kama mimi, ila mzuri. Nikaongeza, kwa majivuno, jinsi nilivyomwokoa. Jirani yangu Mama Kerubo, aliyekuwa mlangoni akichambua maharagwe, hakuinua hata uso:

"Zuhura, acha kujisifu. Yule mtu alitaka kukuwekea mama yako, ukamfukuza."