Firigisi ya Mwenye Nyumba

Wali wa kumlisha mtu ambaye koo lake limeanza kuziba haupikwi kama wali wa kila siku. Wengi wetu tumefundishwa kuusifu wali uliochambuka, kila punje peke yake. Huu unataka kinyume chake. Kikombe kimoja cha mchele kwa vikombe vitano vya maji, moto mdogo, na mwiko usikae mbali. Punje zikishapasuka unaongeza maziwa, halafu krimu kidogo kidogo, huku unakoroga mpaka mwiko ukipita uache njia inayojifunga yenyewe. Ukishika chini usivunjike moyo, wa kwanza hushika kwa kila mtu. Hamishia kwenye sufuria nyingine bila kukwangua, uendelee.

Nilijifunza kuupika Bunda, nilipofanya kazi jikoni miaka minne kwenye hoteli moja ya watalii wanaoingia na kutoka mbugani. Wageni walikuwa wakiuagiza pamoja na kuku wa siagi na kitunguu saumu. Sisi wapishi tulikuwa tunawacheka. Tuliuita wali bwabwa, chakula cha wagonjwa, na tulishangaa watu wenye afya zao kuutaka.

Mgonjwa wangu alikuwa baba. Kaka yangu, mtoto wa kwanza, ambaye ndiye aliyebaki na baba nyumbani Butiama, alimleta kwangu Kitaji, mjini Musoma, baada ya kugundua kwamba mzee hali chakula. Alikuwa ameficha kwa miezi. Wakati wa chakula alikaa na wenzake, akanawa, akafinyanga tonge la ugali, akazungumza huku amelishika mkononi mpaka wengine wakamaliza, kisha akamtupia mbwa. Mbwa alinenepa. Hivyo ndivyo kaka alivyojua.

Hospitalini Musoma daktari alituchorea koo kwenye karatasi, akatia wino mahali palipokuwa na uvimbe. Ilikuwa saratani. Matibabu yalikuwepo Mwanza, alisema, lakini mwili wa mzee ulikuwa umeisha mno, na dawa zile zingemmaliza kabla ya ugonjwa. Alitupa wiki mbili. Uzito ukipanda, hata kidogo, angeandika barua ya kumpeleka. Ukizidi kushuka, asingeandika. "Mlisheni," aliniambia mimi, kwa sababu nilikuwa nimemweleza kazi niliyokuwa nikifanya. Nilitoka mle na furaha ya kijinga. Nilidhani nimepewa jambo ninaloliweza.

Wiki ya kwanza nilimpa uji na maziwa. Alikunywa nusu kikombe, akageuzia uso ukutani. Siku ya sita akasema mtu mzima hawezi kulelewa kama ndama aliyefiwa na mama yake, na kama nina nia ya kumlisha, nimchinjie kuku.

Jumamosi hiyo kaka alikuja kutoka Butiama na jogoo wa kienyeji. Kuku wa namna hiyo ana nyama ngumu, kwa hiyo nilimchemsha saa mbili nzima na chumvi tu, mpaka mifupa ikatoka yenyewe. Nikachambua nyama kwa vidole, uzi kwa uzi, nikitafuta vile vifupa vidogo vya shingo vinavyojificha. Kwenye kikaango nikayeyusha siagi. Kitunguu saumu kinatiwa siagi ikiwa imetulia, siyo inapochemka, maana kikiungua kinakuwa kichungu na hakuna cha kukirekebisha. Kikianza kunukia tu, unatia nyama na supu kidogo. Baba alikuwa amelala chumba cha pili. Nilimsikia akikohoa, kisha akaniuliza kwa sauti ninapika siagi ya nani, inanukia kama ya mkewe, mama yangu, aliyokuwa akiitikisa kwenye kibuyu. Nilijibu ni ya dukani. Akasema haidhuru.

Kwa wasiokulia kwetu ni lazima nieleze jambo moja. Kwetu kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye nyumba. Unaweza kukosea chumvi, unaweza kuunguza, utasamehewa. Firigisi inawekwa nzima juu ya sahani ya mzee, na hakuna anayeanza kula kabla yeye hajaichukua. Mtoto wa kwanza wa kiume anaigusa pale tu baba yake anapokuwa ameondoka duniani, na hiyo inakuwa ndiyo namna ya watu kuambiana kwamba kiti kimepata mtu. Mimi sijaolewa na nyumba ni yangu, kwa hiyo baba akiwa ndani yake, mwenye nyumba ni yeye.

Nililijua hilo tangu utotoni. Lakini pale jikoni niliitazama firigisi nikaona kipande cha nyama kigumu kuliko vyote, ambacho kingemkaba mtu asiyeweza kumeza tonge. Kaka alikuwa amesimama mlangoni, hajala tangu asubuhi. Nikamnyooshea kwenye uma.

Alirudi nyuma. "Hiyo ni ya mzee, dada."

"Haipiti kooni kwake. Kula, isipotee bure."

Akala amesimama, haraka haraka, amenipa mgongo.

Nilimpelekea baba sahani. Nyama nilikuwa nimeilaza katikati ya wali mweupe, siagi ikitiririka pembeni. Alijikokota kutoka kitandani akakaa mezani, akachukua kijiko, akaanza kufukua. Nilidhani anatafuta mifupa, nikamwambia hakuna hata mmoja, nimeitoa yote. Akaendelea. Alifukua mpaka chini, akaweka kijiko.

"Firigisi iko wapi?"

Nikaanza kueleza, kama kawaida yangu. Nikasema habari ya ugumu, habari ya koo, habari ya daktari. Hakunitazama. Alikuwa anamtazama kaka, aliyesimama nyuma yangu na mafuta kwenye mdomo.

"Umekula?"

"Nimekula, baba."

Baba alisogeza sahani kwa kidole mpaka ukingoni mwa meza. "Mlikuwa mnaningojaga tu," alisema. "Basi mmeshanizika. Maiti hali." Akarudi kitandani.

Siku ile hakuonja hata maziwa. Kaka alikaa kwenye ngazi nje, kichwa kati ya magoti, mwanaume wa miaka hamsini. Hakunilaumu, na ingekuwa afadhali angenilaumu. Niliosha vyombo nikifikiri kwamba katika siku chache tulizobakiwa nazo nilikuwa nimepoteza moja kwa wema wangu mwenyewe. Nilikuwa nimempigia mzee hesabu ya kumeza, nikasahau kwamba anayemeza ni mtu.

Asubuhi nilikwenda sokoni nikanunua kuku mwingine. Nikapika vilevile, tangu mwanzo. Firigisi niliiosha, nikaichemsha peke yake mpaka kisu kikapita, na nikataka kuikatakata iwe kama mchanga ili aweze angalau kuionja. Baba alikuwa ameamka na amesimama ameshika fremu ya mlango wa jikoni.

"Usiikate, mama," alisema. Mimi ni wajina wa mama yake, ndiyo sababu aliniita hivyo tangu nizaliwe. "Ilete nzima."

Niliiweka nzima juu ya sahani yake. Tulikaa watatu. Aliichukua kwa vidole, akaigeuza, akaipeleka mdomoni na kuigusisha kwenye midomo tu. Nilikuwa tayari na kikombe cha maji. Lakini hakuitia ndani. Aliinyoosha mezani kuelekea kwa kaka.

"Ya jana uliiba," alimwambia. "Hii nimekupa. Kula umekaa, ulikulaga kama mbwa."

Kaka alicheka, halafu akashindwa kuendelea kucheka. Alisema hapana, baba, bado. Mzee hakurudisha mkono. Ulibaki umenyooshwa, mkono mwembamba kuliko mpini wa mwiko, mpaka kaka akapokea kwa mikono miwili. Akatafuna muda mrefu sana. Mimi nilitamani baba awe na hasira kama ya jana. Mtu anayegombea kiti chake ana mpango wa kukikalia.

Baada ya hapo alikula. Nilihesabu vijiko saba vya wali, na nyama kiasi cha kuziba kiganja. Kila kijiko kilimchukua muda, akifumba macho, shingo ikinyanyuka kama ya kuku anayekunywa maji. Alisifu kitunguu saumu. Alisema Wazungu wa Bunda walikuwa na akili. Hakuna kilichorudi. Nikaanza tena kutumaini. Wiki iliyofuata nilimpikia kila siku, mara kuku, mara sato niliyemchambua miiba, na wali ule ule. Alikula vijiko saba, akala vitano, akala vitatu. Hakukataa hata siku moja. Alifungua mdomo kila nilipomwambia afungue.

Siku ya kupima alivaa koti lake la mikutano. Muuguzi alimwomba avue viatu na koti, akapanda mizani. Muuguzi akaandika, akaangalia karatasi ya mwanzo, akamwomba apande tena. Daktari alitoka mwenyewe kuja kutuambia. Alisema tumejitahidi, na kwa kawaida kwa wakati ule watu wanakuwa wameshuka zaidi ya pale. Barua hakuandika.

Baba alikuwa amekaa kwenye benchi akivaa kiatu. Alimuuliza kaka kama gari za Butiama bado zipo saa ile. Kaka akasema zipo. Mimi nilikuwa nimeanza kueleza kwamba tutaomba wiki nyingine, kwamba nitaongeza krimu, nitaongeza mayai, kwamba wali unaweza kusagwa ukawa laini zaidi, na nilikuwa ninaeleza vizuri, kwa utaratibu, kama ninavyoeleza hapa.

Akanishika mkono. "Usipike tena, mama," alisema. "Nimekula vya kutosha kwa ajili yenu."

Nikamfunga kamba za kiatu cha pili, tukatoka.