Nilivyomshika Baba Mkwe

Nilimshika baba mkwe wangu. Nilimshika pajani, juu kabisa, pale ambapo suruali huwa jambo la mke na mume, na sikumwachilia kutoka nyumbani kwetu karibu na Nyaramba hadi hospitalini Kisii. Kwa miaka mingi niliulizwa na mashemeji, na wazee wa ukoo, hata na pasta, na kila mara nilisema hapana, aliyemshika ni mama mkwe. Mama mkwe naye aliapa hivyo hivyo. Sasa wote wawili tumewazika, na mimi nimechoka kukana.

Msomaji wa mbali atauliza kosa liko wapi. Kwetu Gusii, baba mkwe na mke wa mwanawe hawashikani hata mikono. Haingii jikoni kwangu. Nikikutana naye njiani, nampisha na kutazama majani ya chai. Akiwa na neno la kuniambia, humwambia mkewe, hata kama nimesimama pale pale. Heshima hiyo tunaiita chinsoni, na mimi, pamoja na shahada yangu ya fasihi, niliiogopa kuliko nadharia yoyote niliyofundishwa chuo kikuu.

Shahada hiyo ilikuwa imenipatia kazi ya ukarani katika ofisi ya chifu. Kutoka Jumatatu hadi Ijumaa niliandika nani alimkata nani. Ardhi yetu imegawanywa mpaka shamba la mtu unaweza kulivuka ukiwa umebana pumzi, na ndugu wanavunjana taya kwa sababu ya mstari mmoja wa chai. Walikuja kwangu kabla ya kwenda hospitali, maana kila mmoja alitaka kuwa wa kwanza kushtaki. Asubuhi moja aliingia mwanamume ameshika sikio lake mwenyewe, limefungwa kwa jani la mgomba, kama mtu aliyeleta nyama apikiwe. Nyuma yake akaja kaka yake, pua imelala upande.

"Andika yeye ndiye alianza," akasema mwenye sikio.

"Nendeni hospitali kwanza."

"Andika, madam. Damu nitatoa tu hata huko."

"Mwongo huyu," kaka yake akasema, akainua kiti na kukitupa. Kiti kilinipita karibu na kichwa kikapasukia ukutani. Wakashikana, wakabiringika sakafuni wakipigana vichwa, na sikio likaanguka chini ya meza yangu. Nilipoinama kuliokota nilitambua mambo mawili. La kwanza, sikuogopa. La pili, hakuna sentensi hata moja niliyojifunza chuoni ambayo ingemfaa mtu huyu. Jioni hiyo niliamua kuwa muuguzi. Nilikuwa nimepita miaka arobaini, umri ambao wenye akili hununua ng'ombe.

Chuo cha uuguzi kilinijibu kwa adabu kwamba shahada yangu ni nzuri, ila alama zangu za biolojia na kemia za kidato cha nne zilikuwa za mtu aliyelala darasani. Ilikuwa kweli. Nirudie mtihani, wakasema. Nikajiunga na darasa la wanaorudia mjini Kisii, jioni baada ya kazi na Jumapili kutwa. Jumamosi ni Sabato, na hiyo sikuthubutu kumwomba Mungu aihamishe.

Mchana nilisoma chini ya meza huku watu wakitoana meno mbele yake. Nilijifunza mzunguko wa damu kwa mifano hai. Hata hivyo nilikuwa mwanafunzi mbovu. Mwalimu, kijana ambaye ningeweza kumzaa, alisimama siku moja na karatasi yangu mbele ya darasa.

"Mama, swali ni la alama mbili. Damu ikitoka kwa kuruka, imetoka kwenye mshipa gani? Wewe umeandika ukurasa mzima. Na bado umekosa."

"Nilikuwa najenga hoja."

"Jenga nyumba, mama. Hapa andika neno moja tu: ateri."

Darasa lilicheka mpaka nami nikacheka, kisha nikapanda gari la Nyamira nikiwa na usingizi machoni na hasira tumboni.

Nyumbani kulikuwa na mtihani mgumu zaidi. Chuo kilikuwa mbali, cha kulala huko huko, kwa miaka. Watoto wangebaki kwa mama mkwe, naye hangewapokea bila neno la mumewe. Na mumewe, ambaye sote tulimwita Tata, alikuwa amekataa.

"Mwambie mke wa mwanangu," alimwambia mkewe, mimi nikiwa umbali wa mpini wa jembe, "kwamba wauguzi huosha wazee. Wazee wa hapa hapa. Rafiki zangu. Halafu ataniangaliaje?"

"Si hata sasa hakuangalii," mama mkwe akasema.

"Mwambie."

"Amesikia. Si kiziwi."

Mume wangu, mtu mwema mwenye magoti laini, alisema tungoje mpaka Tata abadili nia. Basi nikawa nasoma kama mtu anayeshona gauni la harusi kabla hajaposwa.

Wiki chache kabla ya mtihani, asubuhi, nikiwa nafunga viatu niende kazini, nilisikia panga likigonga. Mdogo wake Tata alikuwa amevuka mpaka na alikuwa akiangusha migomba yetu, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Tata akatoka na rungu. Hawakutukanana, na hilo ndilo lililonitisha. Rungu lilitua begani mwa mdogo wake, nikasikia mfupa ukivunjika. Panga likapanda, likashuka, likakosa. Lilipanda tena. Safari hii lilimpata Tata pajani, akaketi polepole, kama mtu aliyekumbuka kwamba amechoka. Mume wangu, kwa magoti yale yale laini, akamrukia baba yake mdogo, wakaangukia kwenye chai wakiumana kama mbwa. Mpaka leo ana alama ya meno shingoni.

Damu ya Tata haikutiririka. Iliruka, ikapumzika, ikaruka tena.

"Ateri," nikasema kwa sauti. Hakuna aliyenipa alama.

"Usimshike," mama mkwe akasema. Kisha akaitazama ile damu, na uso wa mumewe ulivyokuwa ukigeuka majivu. "Mshike. Nitasema ni mimi."

Nikaipasua suruali. Nikaisukuma ngumi yangu kwenye kinena chake na kuiegemea kwa uzito wangu wote, uzito ambao kwa mara ya kwanza ulikuwa na faida. Akapiga yowe moja, akanyamaza. Jirani mwenye pikapu akatupakia. Tulisafiri hivyo: Tata amejifunika uso kwa kofia, mimi nimegeuza shingo natazama mashamba ya watu, mama mkwe katikati yetu kama mkalimani asiye na kazi. Kila shimo la barabara lilipotikisa mkono wangu, damu ilinirukia kwenye blauzi. Hatukusemezana. Heshima ilikuwa kamili, kasoro ngumi.

Hospitalini, muuguzi alipochukua nafasi yangu, mama mkwe aliifuta mikono yangu kwa mikono yake, akaisugua mpaka yake ikawa myekundu. Kisha akatoka mbele yangu, akawaendea mashemeji waliokuwa wakifika.

Mdogo wake Tata hakufika kwa polisi akiwa mzima. Vijana wa sokoni walimtangulia, wakauvunja ule mkono wa panga mahali pawili. Wazee wa ukoo walikuja kuuliza habari za paja. Wangejua, pangechinjwa kondoo wa utakaso na Tata angekuwa hadithi ya Nyamira nzima. Tukakana. Tata alitusikiliza akitazama ukuta.

Nikafanya mtihani. Nikapita, si kwa kishindo, lakini nikapita. Chuo kikaniita.

"Tungoje Tata," mume wangu akasema.

Siku zikaisha tukingoja. Jioni moja nilikuwa nachambua maharagwe, simu ikalia. Ilikuwa namba ya Tata, ambaye hakuwahi kunipigia. Nyumba yake iko ng'ambo ya ua wangu, kwa hiyo nilimsikia mara mbili, sikioni na dirishani.

"Ni mimi," akasema.

"Ndiyo, Tata."

"Ule mkono ulikuwa wa nani?"

"Wa mama."

"Mama yenu nimeishi naye tangu mkoloni hajaondoka. Mkono wake naujua." Alikohoa. "Huo mwingine ulikuwa mzito."

 Dirishani nilimsikia mama mkwe akimnong'oneza aseme upesi.

"Watoto watakula huku," akasema. "Chuo kinakutaka lini?"

"Jumatatu, Tata."

"Jumatatu ni soko la Daraja Mbili, barabara haipitiki. Nenda Jumapili."